Ana wiki tano, halali mpaka abebwe: je, nimemharibu mtoto?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana wiki tano. Akiwa kifuani kwangu analala hata saa mbili mfululizo, nikimlaza kwenye kitanda chake dakika kumi nyingi, macho hayo. Usiku anaamka kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Mama mkwe anasema nimemzoesha mikono na atanitesa mpaka aanze shule, jirani yangu naye anasema wa kwake alikuwa analala usiku mzima akiwa na wiki tatu tu. Baba yake amesharudi kazini. Juzi nilipitiwa na usingizi kwenye sofa mtoto akiwa kifuani. Nimwache alie kidogo ili ajifunze? Na je, akilala kifuani kwa baba yake inamsaidia vile vile au ni mimi tu?

Jibu: Marahaba mama, na hongera sana kwa mtoto. Umeuliza mengi lakini naanza na lile ulilolitaja kwa kupita tu, la sofa, kwa sababu katika barua yako yote hilo ndio pekee lililonishtua. Mtoto kuamka kila saa mbili hakujanishtua, kukataa kitanda hakujanishtua, ila mama kupitiwa na usingizi kwenye sofa na kichanga kifuani hiyo ni hatari ya kweli na nataka tuimalize kwanza. Sofa ina nafasi kati ya mito na mgongo wa kiti, ina nafasi kati ya mwili wako na mkono wa kiti, na mtoto wa umri huu akiteleza akaingia pale uso ukabanwa hana nguvu ya kujigeuza wala kunyanyua kichwa, anaweza kukosa hewa bila kutoa hata sauti na wewe umelala hapo hapo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2022 kinasema wazi kwamba sofa na kiti cha kuegemea ni sehemu hatari sana za kusinzia na mtoto, kuliko hata kitanda cha mzazi, na kwamba mzazi anayeona anaweza kusinzia wakati wa kulisha ni heri awe kitandani.

Kwa hiyo usiku wa manane macho yakianza kuwa mazito usijiambie ngoja nikae sofani ili nisilale, utalala tu. Nyonyesha kitandani, ila kitanda ukiandae mapema, sio saa nane usiku ukiwa hata hujielewi. Godoro liwe gumu kiasi na bapa, mito yote iwe mbali na mtoto, blanketi likuishie wewe kiunoni lisimfikie yeye, awe upande wako na sio katikati yako na baba, na kusiwe na upenyo kati ya godoro na ukuta. Ukishtuka mrudishe kwenye kitanda chake. Na hii ya kitandani haiwahusu kabisa watu wanaovuta sigara, au kama kuna aliyekunywa pombe au dawa inayoleta usingizi, au kama mtoto alizaliwa njiti au chini ya kilo mbili na nusu, hapo akimaliza kunyonya anarudi kwake, na ni vizuri mtu wa pili aamke akae na wewe mpaka umalize. Mpango salama zaidi kwa wote ni kitanda chake kando ya chako, chumba kimoja, angalau miezi sita ya mwanzo. Na kila anapolazwa, iwe usiku iwe mchana, alale chali, bila mto, bila mdoli, bila blanketi zito zito karibu na uso. Wengi wanaogopa chali wakisema akicheua atapaliwa, hapana, akiwa chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula kwa hiyo maziwa yakirudi hayaelekei huko kirahisi. Marekani walipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vilikuja kupungua kwa zaidi ya nusu, hasa kwa kubadilisha ulalo.

Haya, sasa tuje kwenye hilo la kumzoesha mikono, maana najua ndilo linalokuuma.

Mtoto huyu amezoea kubebwa tangu kabla hujamwona sura. Miezi tisa yote alikuwa anabebwa usiku na mchana, joto halibadiliki, moyo wako unadunda karibu na masikio yake, ukitembea anayumba na wewe, hajawahi kujua njaa wala baridi wala kimya. Halafu amekaa nje wiki tano. Hukumfundisha wewe kupenda mwili wako, alikuja nao huo upendo, na kusema umemharibu ni sawa na kusema umemzoesha kunyonya. Kudeka kunataka hesabu mama, mtoto afikirie kwamba mara ya mwisho nililia nikapewa, basi ngoja nilie tena hata kama sina shida. Kichanga wa wiki tano hana hesabu hiyo. Ubongo wake alipozaliwa ulikuwa kama theluthi tu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, hata mikono yake mwenyewe bado hajajua ni ya kwake, anajikwaruza usoni kisha analia. Anapolia anasema kitu kimoja tu, kwamba kuna jambo haliko sawa, na kuwa peke yake kwa kweli ni jambo ambalo haliko sawa kwake.

Hata maziwa yako yanakuambia hivyo hivyo. Kuna wanyama wanaoacha watoto wao kwenye shimo au kiota wakaenda kutafuta chakula, sungura kwa mfano ananyonyesha karibu mara moja tu kwa siku, na maziwa yake ni mazito, yamejaa mafuta, ili mtoto akishiba akae peke yake masaa mengi bila kelele. Maziwa ya binadamu ni mepesi, mafuta yake ni machache, yanasagika haraka, kama yalivyo maziwa ya nyani na jamii yao wote wanaotembea na watoto wao mwilini. Yaani mtoto wa binadamu ameumbwa anyonye kidogo kidogo mara nyingi, mara nane mpaka kumi na mbili kwa saa 24, na mtoto anayetakiwa kunyonya hivyo hawezi kuwa ameumbwa akae mbali na mama yake. Ukilitazama kwa jicho hilo utaona kwamba mtoto wako anafanya kazi yake vizuri kabisa.

Na wasiwasi kwamba ukimbeba sana atazidi kulia, hilo limeshapimwa. Mwaka 1986 watafiti wawili huko Kanada, Hunziker na Barr, waligawa kina mama mafungu mawili, fungu moja wakaombwa wawabebe watoto zaidi ya kawaida, sio pale tu wanapolia au kunyonya bali hata wakiwa wametulia. Watoto walipofika wiki ya sita wale waliobebwa zaidi walikuwa wanalia na kusumbua kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao, na saa za jioni pungufu kwa zaidi ya nusu. Wengine wawili, Bell na Ainsworth, mwaka 1972 walitoa matokeo ya kufuatilia watoto mwaka wao wote wa kwanza, wakaona kwamba wale ambao mama zao waliitikia haraka kilio cha mwanzoni ndio waliokuwa wanalia kidogo mwaka unapoelekea kuisha. Kwa hiyo huyo wa kukutesa mpaka shule simuoni mimi. Niweke na hili ili usije ukajilaumu bure: kuna watoto wanalia sana jioni hata wakiwa wamebebwa, hawatulii kwa lolote, na hiyo haimaanishi unambeba vibaya. Unambeba ili asilie peke yake, kunyamaza anaweza akanyamaza au asinyamaze.

Jirani yako mwache na wake. Mara nyingi mtu akisema analala usiku mzima anamaanisha masaa matano mfululizo, hata watafiti wa zamani walihesabu mtoto amelala usiku kama hakuamka kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Wengine watoto wao wanaamka, wao ndio hawasikii. Mwaka 2018 ilitoka tafiti ya Kanada ya watoto karibu mia nne, na walipofika miezi sita watoto kama 38 kati ya 100 walikuwa bado hawajalala saa sita mfululizo, na walipofikisha mwaka bado ni 28 kati ya 100. Watafiti wakaangalia maendeleo yao ya akili na ya mwili, hakuna tofauti na wale waliolala. Miezi sita hiyo mama, wewe una wiki tano.

Sasa kwa nini anaamka ukimlaza. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ukielewa usingizi wa kichanga unavyokwenda utaacha kugombana nao.

Mtu mzima akilala anaanza kuzama kwenye usingizi mzito. Kichanga anaingilia mlango mwingine, anaanza na usingizi mwepesi, macho yanachezacheza chini ya kope, anatabasamu, anakunja uso, anaguna, pumzi mara haraka mara inasita kidogo, vidole vinacheza. Karibu nusu ya usingizi wake wote ni wa namna hii na ubongo wake unaukulia humo, usimuonee huruma wala usiogope. Baada ya kama dakika ishirini hivi ndio anashuka kwenye usingizi mzito, halafu mzunguko mzima unaisha kwenye dakika hamsini mpaka saa moja na anarudi juu tena, na akirudi juu akakuta joto halipo, harufu haipo, anaamka kabisa. Wewe umesema unamlaza na dakika kumi nyingi. Nadhani kinachotokea ni kwamba unamlaza akiwa bado mlangoni.

Jaribu hivi. Akishamaliza kunyonya na umembeulisha, mtazame mkono. Akiwa kwenye usingizi mwepesi ngumi imekunjwa na mkono una ubishi, ukiunyanyua unarudi wenyewe. Akishazama vidole vinafunguka, ukinyanyua mkono ukauachia unaanguka tu, kope zimetulia, pumzi zinakwenda sawa. Hapo ndio pa kumlaza. Watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani mwaka 2022 waliwafungia watoto vipimo vya moyo wakaangalia nini hasa kinawatuliza, wakakuta mtoto anayelia akibebwa na mama anayetembea kwa dakika tano, bila kusimama simama, wengi wananyamaza na baadhi wanalala, na akikaa naye ameketi dakika nyingine tano mpaka nane ndipo akamlaza, nafasi ya kuamka inapungua. Kitu kilichonivutia zaidi kwenye tafiti ile ni kwamba moyo wa mtoto ulikuwa unaanza kwenda mbio sio mgongo ulipogusa godoro, ni pale tumbo lake lilipoanza kuachana na mwili wa mama. Basi usimnyooshee mikono ukamshusha kutoka juu. Inama naye, kifua chako kibaki juu yake mpaka makalio yameshafika kwenye godoro, kisha mgongo, kichwa ndio kiwe cha mwisho, maana kichwa kikitangulia anahisi anaanguka na ule mshtuko wa vichanga wa kurusha mikono yote miwili unamwamsha. Akishalala weka kiganja kifuani mwake, uzito mdogo tu, subiri, halafu utoe kidole kimoja kimoja. Shuka lake kama ni baridi lipashe kwanza kwa kulilalia wewe, sio kwa chupa ya maji ya moto ikabaki kitandani.

Itafanya kazi siku zote? Hapana. Kuna siku itafanya kazi mara moja tu kwa usiku mzima, na hiyo moja ichukue.

Kitu kingine, usimkimbilie kwa kila sauti. Kwenye usingizi mwepesi kichanga ana kelele, anakoroma, anajinyonga, anaweza kulia mlio mmoja macho yamefumba akaendelea kulala, na mama akimnyanyua pale ndio anamwamsha. Sikiliza kwanza sekunde chache uone kama sauti inapanda au inazima. Hii sio kumwacha alie, ni kumpa nafasi ya kumaliza ndoto yake. Ikipanda mchukue.

Kuhusu usiku na mchana, mwili wake bado haujui ipi ni ipi. Homoni ya usingizi inayoitwa melatonini ataanza kuitengeneza mwenyewe kwa mpangilio akifika miezi miwili au mitatu, kwa sasa anaipata kidogo kupitia maziwa yako ya usiku. Kwa siku nzima analala jumla ya saa 14 mpaka 17, wengine pungufu ya hapo wengine zaidi, ila zimekatwakatwa vipande. Unachoweza kufanya ni kumsaidia saa yake ijiweke: mchana fungua pazia, zungumza naye, maisha ya nyumba yaendelee na kelele zake, usiku taa iwe hafifu, ongea kidogo, nepi kama haina choo na haijajaa sana iache. Usimzuie kulala mchana ukitegemea atachoka alale usiku, kichanga akichoka kupita kiasi ndio anashindwa hata kulala. Na kama watu wamekutumia ratiba za saa kamili kamili zifute kwenye simu, kwa wiki tano hakuna ratiba.

Swali lako la kumwacha alie ili ajifunze: usifanye hivyo kwa umri huu. Hakuna anachojifunza, hana uwezo wa kujituliza mwenyewe, na akilia mpaka akanyamaza peke yake kwenye wiki ya tano ni kwamba amechoka. Halafu jua kwamba upo karibu na kilele. Daktari Brazelton wa Marekani alionyesha mwaka 1962 kwamba kilio cha watoto kinapanda wiki baada ya wiki, kinafika juu kabisa kwenye wiki ya sita hivi, kisha kinashuka mpaka mwezi wa tatu au wa nne, na kinapenda saa za jioni. Jioni hizo hizo anaweza kutaka kunyonya kila baada ya nusu saa na wewe ukadhani maziwa yamekwisha. Hayajaisha. Kama nepi sita au zaidi zinalowa kwa siku na uzito unapanda kliniki, maziwa yapo.

Ila kuna kulia kwa namna nyingine nakuruhusu kabisa. Ikifika mahali umembeba saa nzima, kichwa kinapasuka, unahisi mikono inataka kumkaza au kumtikisa, mlaze chali kwenye kitanda chake, toka nje ya chumba, funga mlango, kunywa maji, vuta pumzi dakika tano au kumi, mpigie mtu simu, kisha rudi. Dakika kumi za kulia mahali salama hazimdhuru. Kutikiswa kunamdhuru, shingo yake haiwezi kukishika kichwa na ubongo unavuja damu ndani, wapo waliokufa na wapo waliobaki na ulemavu wa maisha. Kila anayemshika mtoto huyu ndani ya nyumba mwambie hivyo, hata kama unaona aibu kumwambia.

Kwangu mimi shida kubwa ya nyumba yako iko kwenye mgawanyo wa mikono zaidi ya ilivyo kwa mtoto. Mtoto anataka mwili wa mtu karibu saa nyingi za siku, sawa, ni haki yake, lakini hakuna aliyesema huo mwili uwe wa mtu mmoja usiku na mchana. Baba amerudi kazini, naelewa, na wewe pia upo kazini tena bila kutoka. Kaeni mpange shifti. Mfano unanyonyesha saa mbili usiku, unampa mtoto baba, unaenda kulala chumba kingine mlango umefungwa mpaka saa sita, katikati akitaka kunyonya kama umekamua anapewa, kama hujakamua analetwa, ananyonya na anaondolewa, wewe usinyanyuke kubadili nepi wala kumbeulisha. Baba halafu analala saa sita mpaka alfajiri. Saa tatu au nne za usingizi ambazo hazijakatwa zinambadilisha mtu, utaona kesho yake.

Na mama mkwe usibishane naye kuhusu mikono. Amelea, anampenda mjukuu, na pengine anakuonea huruma wewe unavyokonda, inatoka kwa njia hiyo. Mwambie, mama naomba unibebee huyu asubuhi nilale saa moja. Akiwa na mbeleko mwache ambebe, mnakubaliana tu kwamba uso wa mtoto uonekane muda wote, kidevu kisizame kifuani, pua isifunikwe na kitambaa. Mchana na wewe fanya hivyo hivyo, mbeleko inakurudishia mikono yote miwili na mtoto anapata anachokitaka. Akishalala humo usiwe wewe umejilaza, na usipike kwenye moto ukiwa naye mbele.

Sasa upande wako. Hukuniambia wewe mwenyewe unajisikiaje, kwa hiyo naomba nikuulize. Mtoto akilala na wewe umepata nafasi, unaweza kulala? Kama umelala chini macho makavu, moyo unaenda mbio, au unalia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, au humuoni mtoto kama wako, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, hiyo imevuka uchovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria mama kama 13 kati ya 100 wanapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, mara nyingi sonona, na inatibika, ikiwemo kwa dawa ambazo unaweza kutumia ukiwa unanyonyesha. Nenda kwa daktari au mkunga wako useme kwa maneno yako. Ukiwa na mawazo ya kudhuru, nenda leo, na usikae peke yako na mtoto mpaka umeonwa.

Kwa mtoto, yapo machache ambayo yakitokea hiyo sio ishu ya usingizi tena, unampeleka hospitali bila kusubiri asubuhi: joto limefika 37.5 au zaidi, au amepoa chini ya 35.5, anapumua pumzi sitini au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, anakataa kunyonya, amelegea haamshiki hata kunyonya, amepata degedege, au ngozi na macho yanakuwa ya njano. Na kilio ambacho hukijui, kikali, cha ghafla, kisichofanana na vilio vyake vyote, kiamini sikio lako.

La mwisho lilikuwa kifua cha baba. Ndiyo, kinafaa, na sio kama cha akiba. Njia ya kumlaza mtoto ngozi kwa ngozi ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 hospitali ikiwa na njiti wengi na mashine chache za joto, wakawafunga watoto vifuani mwa mama zao. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya tafiti kubwa iliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwenye hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto waliozaliwa wadogo sana, chini ya kilo 1.8, wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri waimarike kwanza, na vifo vya siku 28 za mwanzo vikapungua kwa robo. Pale ambapo mama hakuweza kuwa na mtoto muda huo, ndugu mwingine alimbeba. Wako sio njiti, lakini ngozi inafanya kazi ile ile ya kutuliza moyo, pumzi na joto.

Baba avue shati, mtoto abaki na nepi tu, amweke wima kifuani kichwa kimegeukia upande mmoja na pua iko wazi, afunike mgongo wake kwa kitambaa chepesi, na awe macho kabisa, akianza kusinzia amlaze chali kitandani mwake. Afanye hivyo kila siku akirudi kazini, hata nusu saa. Mwanzoni mtoto atakuwa anahangaika kutafuta ziwa na kulia, baba asikate tamaa wala wewe usimnyang'anye, mwache atembee naye kama dakika kumi akimsemesha kwa sauti nzito ya chini. Akikataa kabisa mnyonyeshe, kisha mrudishe kwa baba yake.